Jinsi ya kutuliza sauti ofisini, hatua kwa hatua

Mhasibu anajumlisha safu ya tarakimu. Meza mbili kutoka kwake, mwenzake yuko kwenye simu: "Hapana, mimi nilimwambia jana… Eeh… Sasa daktari alisemaje?… Wiki mbili?" Mhasibu anasimamisha kalamu. Hakuna aliyemsemesha, na yule mwenzake hata hapazi sauti. Lakini amepoteza alipofikia, anarudi juu ya safu na kuanza upya, mara ya tatu asubuhi hiyo.

Ukiweka kipima sauti mbele ya huyo anayeongea, kwa umbali wa mita 1 kitasoma desibeli 60 hivi. Hayo ni mazungumzo ya kawaida kabisa. Yako mbali na desibeli 85, kiwango ambacho wataalamu wa afya kazini huanza kuhofia masikio ya mtu anayekaa humo saa 8 kwa siku. Kwa hiyo meneja aliyekuja kutafuta kelele ataondoka akisema hapa pako salama.

Lakini kazi ya mhasibu imeshaharibika. Kinachovuruga kazi ya kichwa ofisini, mara nyingi kuliko ukubwa wa sauti, ni maneno yanayoeleweka ambayo hayamhusu anayeyasikia. Sikio halina kope la kufumba. Ubongo ukinasa maana huifuata, utake usitake, na ukinasa nusu ya mazungumzo hufanya kazi zaidi, maana unajaribu kubahatisha nusu ya pili. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba kusikia upande mmoja wa simu huvuruga umakini kuliko kusikia watu wawili wakijibizana. Kila hatua iliyo hapa chini ipime kwa swali hilohilo: je, maneno yamepungua kueleweka pale yasipotakiwa, na yameongezeka kueleweka pale yanapotakiwa?

Faida ya kwanza ya kazi hii ni utulivu wa akili, na hiyo kila mtu anaijua. Ya pili ni siri. Ofisi ya rasilimali watu, ya mwanasheria au ya mshauri wa afya ikivuja sauti, watu huacha kusema ukweli ndani yake. Ya tatu ni mwili wenyewe. Mwaka 2000 Gary Evans na Dana Johnson, pia wa Cornell, waliwaketisha makarani wanawake 40 kwa saa 3, wengine kwenye utulivu, wengine kwenye kelele hafifu za ofisi ya wazi, isiyo na kuta kati ya meza. Waliokaa kwenye kelele walikuwa na adrenalini, homoni ya msongo, nyingi zaidi kwenye mkojo, walikata tamaa mapema kwenye mafumbo waliyopewa baadaye, na hawakujigeuzageuza kitini kama wenzao, na kukaa mkao mmoja huumiza mgongo na shingo. Walipoulizwa, hawakusema wana msongo kuliko wenzao. Kwa hiyo usisubiri malalamiko ndipo uanze.

Wanaoteseka zaidi nao huwa kimya: mwenye usikivu hafifu, na anayefanya kazi kwa lugha ambayo si yake ya kwanza. Hao wawili chumba chenye mwangwi huwanyang'anya nusu ya mkutano.

Hatua ya 1: Sikiliza kabla ya kununua chochote

Chukua ramani ya ofisi, hata ya kuchora kwa mkono. Weka alama nani kazi yake ni kuongea, nani anahitaji kimya, na mashine zinazovuma ziko wapi. Mara nyingi ramani hiyo peke yake inakupa suluhisho la bure: kumbe wauzaji wanaopiga simu kutwa nzima wameketi katikati ya waandishi wa ripoti, au mashine ya kuchapishia imewekwa mgongoni mwa mtu anayehariri. Hamisha kwanza. Fedha zije baadaye.

Kisha fanya majaribio matatu.

La gazeti ndilo ninalolitegemea kuliko yote. Mtu mmoja aingie chumba cha mkutano, afunge mlango, asome gazeti kwa sauti ya kawaida kwa dakika 5. Mwingine akae chumba cha pili akiwa na daftari, aandike kila neno analolinasa. Hesabu maneno. Rudia akiwa koridoni, kisha kwenye meza ya karibu. Tunza karatasi hizo, utazihitaji mwishoni.

La makofi ni la sekunde moja. Simama katikati ya chumba kitupu, piga kofi moja kavu. Kama sauti inakatika papo hapo, vizuri. Kama inalia kama waya uliovutwa, una kuta mbili ngumu zinazotazamana na kurushiana sauti.

La tatu ni la simu. Programu za kupima desibeli kwenye simu haziaminiki kwa takwimu za kisheria, ila kwa kulinganisha zinatosha, ilimradi utumie simu ileile, mahali palepale, kabla na baada. Kumbuka desibeli hazijumlishwi kama nazi. Mashine mbili za desibeli 60 kila moja hazifanyi 120, zinafanya 63. Na ongezeko la desibeli 10 sikio hulihesabu kama sauti iliyokua maradufu.

Hatua ya 2: Tenganisha kuzuia na kufyonza

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na zangu zilipotea hapa. Nilipokuwa mgeni katika kazi hii niliitwa kwenye chumba cha mahojiano kilichokuwa kinavuja. Nikafunika ukuta mzima kwa paneli za pamba zilizovikwa kitambaa, unene wa sentimeta 5, zimepangwa vizuri, za kupendeza. Ndani ya chumba mwangwi ulikwisha, nikaondoka nimeridhika. Kesho yake katibu wa chumba cha jirani akanipigia: "Fundi, samahani, sasa nawasikia vizuri zaidi."

Alikuwa anasema kweli. Paneli zile zilifyonza mwangwi, na mwangwi ndio uliokuwa ukiyachafua maneno. Sauti yenyewe ilikuwa bado inapita, tena sasa imesafika. Nilirudi nikapanda ngazi, nikainua kigae kimoja cha dari, nikaona mwanga wa taa ya chumba cha pili. Ukuta ulikuwa umeishia kwenye dari. Juu yake palikuwa wazi kutoka chumba hadi chumba.

Basi shika hivi. Kuzuia ni kuifanya sauti isitoke chumba kimoja kwenda kingine, na hiyo ni kazi ya uzito na ya kuziba. Kufyonza ni kuifanya sauti isirudi ndani ya chumba ilimotokea, na hiyo ni kazi ya vitu laini vyenye vinyweleo. Kifyonza chepesi hakizuii. Kizuizi kigumu hakifyonzi. Muuzaji akikuambia bidhaa yake "inaua sauti" bila kusema ni ipi kati ya hizo mbili, mwombe karatasi ya vipimo. Namba za Rw au STC zinazungumzia kuzuia. Namba za NRC au alfa-w, zinazoanzia 0 na kuishia karibu na 1, zinazungumzia kufyonza.

Hatua ya 3: Ziba matundu

Nitakaa hapa muda mrefu, kwa sababu hakuna hatua inayolipa kama hii.

Sauti ni kama maji, hutafuta upenyo. Tuseme una ukuta wa mita 3 kwa 3, mzuri, unaopunguza desibeli 50. Mlango wake una upana wa sentimeta 90 na chini yake kuna uwazi wa sentimeta 1. Uwazi huo ni sehemu moja tu kati ya 1,000 ya ukuta mzima. Lakini kupitia hapo sauti inapita bila kupunguzwa, na hesabu ya jumla inashuka kutoka 50 hadi 30. Matundu yakifika sehemu moja kati ya 100, ukuta wote unabaki na 20, hata kama umejengwa kwa zege. Sasa fikiria: mtu anaongea kwa desibeli 60 ndani, unatoa 30, nje zinabaki 30. Kama koridoni ni kimya, maneno yanasikika.

Mlango wenyewe nao ni tundu kwa namna yake. Mlango mwepesi wenye uwazi ndani hupunguza desibeli 20 hivi. Ukiuweka kwenye ukuta ule wa 50, jumla haifiki 30 hata ukiziba kingo zote. Kwa hiyo fuata mpangilio huu:

1. Badilisha mlango mwepesi kwa mlango wa ubao mzima, mzito, unaokaa sawa kwenye fremu.
2. Weka mpira wa kuzibia kwenye fremu, pande zote tatu. Mlango ukifungwa, mpira ubonyee. Kama karatasi inachomoka kirahisi kati ya mlango na mpira, haujaziba.
3. Chini weka ama kizingiti chenye mpira, ama kile kifaa kinachoshusha mpira chenyewe mlango unapofungwa. Brashi ya vumbi haitoshi. Nywele zake huacha hewa ipite, na penye hewa sauti imo.

Halafu subiri giza. Zima taa za chumba kimoja, mwenzako awashe tochi upande wa pili na kuitembeza polepole kwenye kingo zote. Kila unapoona mstari wa mwanga, weka alama ya chaki. Utashangaa mahali alama zitakapoangukia: pale ukuta unapokutana na fremu ya dirisha, penye nyaya zilizopita, nyuma ya masanduku ya soketi. Soketi mbili zilizotobolewa mgongo kwa mgongo kwenye kiambaza chembamba ni dirisha dogo. Hamisha moja pembeni, na mwite fundi umeme kwa hilo, usijaribu mwenyewe. Nyufa nyingine ziba kwa gundi ya kuzibia inayobaki laini ikikauka, kama silikoni. Plasta ngumu itapasuka jengo likitikisika, na utarudi ulikoanza.

Kisha inua kigae cha dari, kama nilivyochelewa kufanya mimi. Kama ukuta haufiki kwenye slabu, yaani zege lililo juu ya dari, una njia mbili. Ya uhakika ni kuendeleza ukuta mpaka juu na kuziba ukingo wake. Ikishindikana kwa sababu ya mabomba na nyaya, weka juu ya mstari wa ukuta kizuizi kizito cha bodi ya jipsamu au mpira mzito, ukate kuzunguka kila bomba na uzibe. Kutandaza pamba juu ya dari husaidia kidogo tu. Wenye sakafu ya kuinuliwa waangalie na chini, uwazi ni uleule.

Mwisho, njia za hewa. Bomba moja la kiyoyozi lenye matundu mawili, moja kila chumba, hubeba maneno kama simu ya makopo. Tiba yake ni kuweka kipande cha bomba chenye kona na bitana la kufyonza kati ya vyumba, ila usizibe hewa yenyewe. Chumba kimya chenye hewa nzito hakikaliki.

Hatua ya 4: Sasa ndipo uguse ukuta

Ukishaziba, rudia jaribio la gazeti. Ofisi nyingi huishia hapo. Kama maneno bado yanapita, ukuta ni mwepesi mno.

Uzito husaidia, lakini kwa mwendo wa kuchosha: kila ukiongeza uzito wa ukuta maradufu unapata desibeli 6 hivi, na kwa vitendo hupungua kidogo. Ukitaka 12, uzito mara nne. Njia ya busara ni kujenga kuta mbili nyepesi zisizogusana. Upande mmoja ukitikiswa na sauti, mtikisiko hauna daraja la kuvukia. Kwa hiyo simamisha fremu mbili za chuma zenye nafasi kati yake, jaza nafasi hiyo pamba ya mawe au pamba ya kioo, funga bodi mbili za jipsamu kila upande, na viungo vya bodi ya nje visiangukie juu ya viungo vya bodi ya ndani. Pamba isishindiliwe, iingie tu, ijae. Na simama na mafundi, maana skrubu moja ndefu inayounganisha fremu mbili, au bomba lililobanwa kuta zote mbili, ni daraja tayari.

Vioo ni habari nyingine. Kila unene wa kioo una mlio wake ambao unaupitisha kirahisi, kwa hiyo vioo viwili vya unene tofauti hushinda viwili vinavyofanana. Kioo chenye utando wa plastiki katikati hufanya vizuri zaidi kuliko kioo kimoja cha unene uleule. Kabla ya kuongeza uzito wowote kwenye sakafu ya ghorofa, muulize mhandisi wa jengo.

Hatua ya 5: Fyonza mwangwi, ukianzia juu

Elimu hii ina mwanzo wake. Mwaka 1895 mwalimu kijana wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, aliombwa aponye ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilibaki ikielea kwa sekunde zaidi ya 5, wanafunzi hawaelewi kitu. Usiku usiku, jiji likiwa limetulia, alihamisha mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akapiga mlio wa filimbi ya kinanda na kupima kwa saa muda unaochukua kufifia. Kila mito ilipoongezeka, muda ulipungua. Kutoka hapo tulipata kanuni tunayoitumia mpaka leo: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawanya kwa jumla ya ufyonzaji wake.

Tuijaribu. Chumba cha mkutano cha mita 6 kwa 4, kimo mita 3, kina ujazo wa mita za ujazo 72. Sakafu ni vigae, kuta ni plasta na kioo, dari ni ngumu. Ufyonzaji wa vitu vyote hivyo ni kama mita za mraba 4.5 tu, yaani ni kana kwamba eneo hilo peke yake linameza sauti yote inayolifikia na kwingine kote kunairudisha. Kanuni inatoa sekunde 2.6. Humo mkutano wa mtandaoni ni mateso: silabi ya kwanza inafika kwenye maikrofoni pamoja na mkia wa silabi iliyotangulia. Tunataka sekunde 0.6, na hiyo inadai ufyonzaji wa mita za mraba 19 na kitu. Zinapungua kama 15. Kwa paneli nzuri zenye namba ya kufyonza ya 0.85, utahitaji mita za mraba 17 na nusu hivi, yaani karibu robo tatu ya dari. Ndiyo maana picha mbili za kitambaa ukutani hazibadilishi kitu, na ndiyo maana nasema anza na dari: ni eneo kubwa, halina samani, na hakuna anayeliegemea. Kiasi kinachobaki kipeleke kwenye ukuta mmoja kati ya ile miwili inayotazamana, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi.

Unene una maana. Kifyonza chenye vinyweleo hufanya kazi vizuri kikikaribia robo ya urefu wa wimbi. Wimbi la hezi 1,000, yaani mitikisiko 1,000 kwa sekunde, lina urefu wa sentimeta 34, robo yake sentimeta 8 na nusu. La hezi 125, ambalo ni mngurumo wa sauti nzito ya mwanamume, lina urefu wa mita 2.7. Zulia jembamba basi hufyonza milio ya juu tu na kuacha mvumo wa chini ukizurura. Ukiwa na paneli ya sentimeta 5, usiibandike moja kwa moja. Iache na nafasi ya sentimeta 5 nyuma yake, itafanya kazi kama nene zaidi bila gharama ya ziada.

Trei za mayai ziache. Ni nyepesi, nyembamba, hazizuii na hufyonza kidogo sana, tena zinashika moto haraka.

Kuhusu moto nitasema wazi, na naomba ulisome hili mara mbili. Sponji ya kawaida ya godoro, au ile ya kufungia mizigo, isiingie ofisini kwako kama kifyonza sauti. Mwaka 2003 ukumbi wa muziki wa The Station huko West Warwick, Rhode Island, Marekani, uliteketea baada ya cheche za fataki kugusa sponji iliyobandikwa kupunguza sauti. Watu 100 walikufa. Mwaka 2013 huko Santa Maria, Brazil, kwenye klabu ya Kiss, ikawa vilevile, na watu 242 walipoteza maisha. Wengi waliuawa na moshi. Pamba ya mawe na pamba ya kioo zenyewe haziwaki. Paneli za plastiki ya chupa zilizosindikwa zinatumika sana na ni nzuri, lakini dai cheti cha moto kabla ya kulipa, na hakikisha kinataja bidhaa ileile unayopewa, pamoja na kitambaa chake.

Hatua ya 6: Ofisi ya wazi

Hapa huna ukuta wa kuziba, kwa hiyo umbali ndio ukuta wako. Kiwango cha kimataifa ISO 3382-3, kilichotolewa mwaka 2012 na kurekebishwa mwaka 2022, kinapima kitu kinachoitwa umbali wa kuvurugwa: hatua ngapi usogee kutoka kwa anayeongea mpaka maneno yake yasishikike vizuri. Ofisi nzuri hufikia hapo ndani ya mita 5. Ofisi mbaya huvuka mita 10, maana yake simu moja inawasumbua watu wa meza zote zilizo ndani ya duara la mita 20 upande hadi upande.

Mambo matatu huufupisha umbali huo, na ni lazima yaende pamoja. Dari ya kufyonza ni la kwanza. Viambaza vifupi kati ya meza ni la pili: sikio la mtu aliyeketi liko mita 1.2 hivi kutoka sakafuni, kwa hiyo kiambaza cha chini ya hapo ni pambo. Panda hadi mita 1.4 au 1.5, na kiwe kizito katikati, laini nje. Kiambaza chini ya dari ngumu hakina faida kubwa, sauti inaruka juu na kushuka upande wa pili. La tatu nitalieleza kwenye hatua inayofuata.

Ongeza vyumba vidogo vya simu, vya mtu mmoja, karibu na meza. Kikiwa mbali watu hawakitumii. Ndani kifyonze kuta mbili angalau, na feni yake iwe na nguvu. Kama mtu anatoka humo akifuta jasho, kesho atapigia simu mezani.

Usisahau jambo moja la binadamu. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujua. Ofisini tabia hiyo hujizidisha: mmoja anapandisha, jirani anapandisha kumpita, na jioni wote koo zinawawasha. Lakini huenda kinyume pia. Punguza mwangwi, na watu watashusha sauti wenyewe bila tangazo ukutani.

Hatua ya 7: Sauti ya kufunika

Wengi hawaamini mpaka wasikie: ofisi inaweza kuwa kimya kupita kiasi. Kwenye kimya cha desibeli 30, mnong'ono unasafiri. Ndiyo maana, baada ya kuziba na kufyonza, huwekwa spika ndogo darini zinazotoa mvumo hafifu, kama upepo au kiyoyozi cha mbali, kati ya desibeli 40 na 45. Rudi kwenye hesabu ya mlango: maneno yaliyobaki na desibeli 30 nje ya chumba sasa yanazama chini ya mvumo wa 42. Hayajafutika, ila hayaeleweki.

Nguvu ya mvumo izidi kupungua kadiri milio inavyokuwa myembamba. Ule mshindo mkali wa redio isiyoshika kituo unachosha. Usivuke 48, la sivyo umewarudisha watu kwa Lombard. Upandishe kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na uwaambie watu unachofanya. Redio na muziki havifai, vina maneno. Na usiuweke ndani ya chumba cha mkutano, ambamo tunataka maneno yashikike, hasa kwa wenye usikivu hafifu.

Hatua ya 8: Visigino, viti na mashine

Sauti ya kugonga husafiri ndani ya zege, na pamba ya ukutani haiifikii. Tiba iko pale inapogongwa: zulia lenye mpira chini yake, vitambaa vya kunata kwenye miguu ya viti, magurudumu laini, mkeka wa mpira chini ya mashine ya kuchapishia. Ni kazi ya siku moja.

Hatua ya 9: Rudi na gazeti

Usipime siku ya mapumziko, ofisi ikiwa tupu. Pima siku ya kazi ya kawaida, saa zilezile, msomaji yuleyule, gazeti jingine lakini herufi za ukubwa uleule, mlango umefungwa. Anayeandika asiwe wewe uliyesimamia kazi. Masikio yako yanataka kufaulu. Weka daftari jipya pembeni ya lile la mwanzo.

Kama palikuwa na maneno 200 na sasa yamebaki 10 yaliyotawanyika, chumba kile kinaweza kupewa mazungumzo ya siri. Kama yamebaki 80, usiagize paneli nyingine. Chukua tochi, zima taa, na uanze na kingo za dari.